Shingo Imeacha Kuuma

6 Februari

Dada yangu,

Salamu kwanza, maana Mama amesimama nyuma yangu kuhakikisha nimeziandika kabla ya neno jingine lolote. Anakusalimu sana. Miguu yake haijambo, macho ndiyo yanamfanyia visa. Wifi yako mzima. Binti yetu ameanza kutambaa na anakula kila anachokikuta sakafuni, juzi tumemtoa kipande cha msasa mdomoni. Mimi nipo.

Kiti ulichonitengenezea kimefika. Kilikuja juu ya lori la magodoro, kimefungwa turubai na kamba, majirani wakadhani tumeletewa jeneza la mtu mnene. Hakikupita mlangoni. Tulikijaribu kwa ubavu, tukakijaribu kwa miguu, dereva akaanza kutazama saa yake, mwisho nikang'oa mlango. Sasa kimekaa palipokuwa na meza ya redio, na redio iko chini. Mama ndiye aliyekikalia kwanza. Akaegemea, akafumba macho, akasema wewe una mikono. Kisha akainuka, akanikalisha mimi, akatangaza kwamba hataki kumwona mtu mwingine humo isipokuwa mgonjwa.

Mgonjwa ndiye mimi, basi. Hospitali nilikwenda kama ulivyonilazimisha. Unajua mgongo huu umenisumbua tangu hujaondoka, ulikuwa ukinicheka asubuhi nilivyoshuka kitandani kama babu. Sasa umepanda mpaka shingoni. Daktari ni mama mmoja mwembamba, anaongea taratibu. Alinigeuza huku na huku, akanipiga picha, akasema ni baridi yabisi, ila si ile ya magoti ya wazee. Hii inashika uti wa mgongo na inapenda vijana. Amenipa vidonge na mazoezi. Alisema na mengine, nitakueleza siku nyingine.

Kazi ipo. Tunapaka nyumba za walimu, na wenzangu wote wanakimbilia kuta, dari wananiachia mimi kwa madai kwamba nina shingo ya twiga. Jioni shingo hiyo inawaka moto. Najitupa kwenye kiti chako, na sikudanganyi, ni kama mtu amenipokea mzigo.

Nakuandikia kwa sababu simu ya Mama unaijua. Anaiweka sauti kubwa nyumba nzima isikie, na mtu hawezi kusema la maana huku wapangaji wanaitikia.

Mdogo wako,
Bwana Dari


2 Machi

Bwana Dari wangu,

Nami nawasalimu wote, Mama, wifi, na huyo mla msasa. Mimi mzima, ila vidole vimechanika kwa kitambaa kipya tulichopokea, kigumu kama gunia. Barua yako mlinzi wa kiwanda aliniletea mwenyewe mpaka kwenye meza ya kukatia, nikaisoma nimekalia rundo la sponji huku misumari midogo iko mdomoni. Pale uliposema jeneza nilicheka, karibu nimeze mmoja.

Nimefurahi kwamba kiti kimekupokea. Ngoja nikueleze ulichokalia, kwa sababu ukikitazama kwa nje hutajua. Makochi ya dukani tunaweka sponji tabaka moja. Lako lina matatu, ngumu chini, ya wastani katikati, laini juu. Mgongo wake nimeulaza nyuma kuliko kawaida. Pale pa kichwa nimejaza mto mnene ukisukume kichwa mbele kidogo, ili shingo isifanye kazi yoyote. Msimamizi aliuliza ni cha mteja gani. Nikamwambia ni cha mteja asiyelipa, akaenda zake.

Sasa nisikilize. Ukitoka kazini usiteke maji, usipasue kuni, usibebe mtoto. Kaa. Shingo inayouma inataka kubebwa, hilo halihitaji shule.

Halafu hayo "mengine" ya daktari ni yapi? Nakujua. Tangu utotoni, ukisema "mengine" ndipo sukari ilipofichwa.

Dada yako,
Bibi Sponji


29 Aprili

Dada,

Nimechelewa, nisamehe. Tunaendelea vizuri. Mama ameletewa miwani, sasa anaona vumbi ambalo wifi yako hajawahi kuliona, na nyumbani hakukaliki. Mtoto anasimama akishika mguu wa kiti chako. Nyumba za walimu tumezimaliza.

Uliuliza mengine. Daktari alisema viungo vya mgongo vimevimba, na kiungo cha namna hiyo kinataka kusogezwa hata kama kinalalamika. Kila siku nisimame kuegemea ukuta, visigino viguse, makalio yaguse, kisogo kiguse. Visigino vinagusa. Makalio unayajua, hayajawahi kukosa kugusa kitu. Kisogo hakifiki. Kati yake na ukuta panapita ngumi. Kisha nilale kifudifudi sakafuni, bila mto, nijinyooshe.

Nilijaribu, usidhani sikujaribu. Maumivu ya kujinyoosha ni mabaya kuliko ya dari. Siku moja Mama alinikuta sakafuni nalia, Dada, mtu mzima mwenye mke. Akasema hakuna tiba inayomliza mtu mzima, akanishika mkono mpaka kitini. Tangu siku hiyo mazoezi nayafanya kwa kurukaruka, leo ndiyo, kesho nimesahau. Vidonge navyo vikiwepo vinasaidia, lakini dirisha la dawa mwezi huu linasema vipo, mwezi ujao linasema hakuna.

Kiti hukuniuliza, kwa hiyo nakuambia tu kwamba ni kizuri. Siku hizi nalala humohumo.

Mdogo wako


22 Mei

Mdogo wangu,

Wote nawasalimu. Naandika harakaharaka, dereva wa lori la magodoro anangoja nje na injini inanguruma.

Mama kasema kweli. Madaktari wanaona mifupa, hawaoni mtu. Kama usingizi umeupata kitini, lala kitini. Nimekutumia mto mwingine wa kichwa, mnene kuliko ule wa kwanza, una mkanda wa kuufungia. Ufunge pale juu, shingo izame humo. Ule wa zamani uweke nyuma ya mabega.

Hilo la kulia usiliandike tena bila kuniambia nifanye nini. Nilishinda siku nzima nakata vitambaa kombo.

Dada yako


11 Septemba

Dada yangu mpendwa,

Salamu kutoka kwa kila mtu, hata kwa redio, ambayo imepata meza mpya. Mama anakuombea. Wifi yako amenenepa, nimekatazwa kuandika hilo. Mtoto anatembea. Akianguka ananitazama kwanza aone kama inafaa kulia.

Nina habari, kaa vizuri. Shingo imeacha kuuma. Ilianza kupoa polepole, nikadhani ni siku nzuri tu, halafu siku nzuri zikafuatana. Naamka asubuhi siumwi. Napaka ukuta kutwa nzima, siumwi. Mgongo nao kimya. Sijapata hali kama hii tangu nikiwa kijana wa shule. Hospitali nimeacha kwenda, nitakwenda kusema nini? Vidonge vilivyobaki Mama ameviweka juu ya kabati kama ukumbusho.

Na kuna kazi. Ukumbi wa mikutano unakarabatiwa, dari lake ni kubwa kama uwanja, na lina maua ya plasta yanayotakiwa kupakwa rangi moja moja kwa brashi ndogo. Msimamizi wa ujenzi aliuliza nani anaweza, watu wote wakaninyooshea kidole. Tutaanza Novemba. Nikiifanya vizuri nitakuwa fundi wa kumbi, Dada, sitarudi tena kwenye nyumba za walimu.

Ndani ya bahasha kuna picha. Wifi yako alinipiga nikiwa nimekaa kitini mwako. Mtazame mdogo wako alivyopona.

Bwana Dari


3 Oktoba

Bwana Dari wangu,

Siwezi kuanza kwa salamu kama mtu mwenye adabu. Nimelia kiwandani mbele za watu, na sijali. Wote wasalimie baadaye, kila mtu kwa jina lake.

Picha nimeibandika juu ya meza yangu ya kukatia. Umekaa kama mkurugenzi. Uso umenyooka mbele, macho makavu, hata ule mkunjo wa maumivu kati ya nyusi umefutika. Kila anayepita namwonyesha, huyu ni mdogo wangu, na kiti hicho ni cha mikono hii. Msimamizi amesema nianze kuwafundisha wageni kulaza migongo ya viti namna ile.

Mtu mmoja tu hakunifurahia. Kuna dereva wa foklifti hapa kwetu, ile gari ndogo ya kunyanyulia mizigo. Tunamwita Mzee Skrubu, kwa sababu kifundo chake cha mguu kilikuwa na baridi yabisi mpaka akashindwa kukanyaga, madaktari wakakipasua wakaunganisha mifupa kwa skrubu. Sasa anakanyaga na haumwi kabisa, ila kifundo hakipindi, anatembea kama anapanda ngazi isiyokuwepo. Aliitazama picha yako muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Anageuza shingo?"

Nikamwambia kapona. Akasema hata yeye mguu wake umeacha kuuma, na mguu wake haujapona. Umeunganishwa. Nikamwambia aende na mikosi yake huko kwenye makontena.

Lakini niandikie tu, ili nimkomeshe. Unageuza shingo, siyo? Mtu akikuita kwa nyuma unageuza shingo au unageuka wewe mzima?

Dada yako


14 Desemba

Dada,

Hatujambo. Mvua imechelewa, Mama anailaumu serikali. Wifi yako amepata kazi ya kushona mapazia ya hoteli, vitambaa vimejaa mpaka kitandani. Mtoto amejifunza kusema "hapana" na amelipenda neno hilo kuliko chakula. Mjomba wa mlango wa pili amehama. Rangi imepanda bei.

Ukumbi ni mzuri. Una viti vyekundu ambavyo ungevikosoa, na madirisha marefu. Jukwaa la mabomba lilifungwa mpaka juu, nikapanda na kopo na brashi, nikasimama chini ya ua la kwanza. Sikuliona. Nilikuwa nimesimama chini yake, Dada, na macho yangu yalikuwa yanatazama ukuta. Nikajaribu kuinua kichwa kwa mkono, kama unavyoinua kifuniko. Hakikuja. Hakikuuma hata kidogo, ndiyo maana sikuwa nimejua. Mtu hapimi kitu kisichomuuma.

Kwenye kuta nilikuwa nikipaka usawa wa kifua, na pa juu nilikuwa naegemea nyuma kwa kiuno na magoti. Mwili unafanya hila zake bila kukushirikisha.

Nikaamua kulala chali juu ya mbao. Nikiwa nimelala kichwa kinabaki hewani, hakigusi mbao, kama mtu aliyeshtuka akitaka kuamka. Nikaweka matambara chini yake. Hapo nililiona ua. Nilipaka maua kadhaa namna hiyo, rangi ikinidondokea machoni, wenzangu chini wanaimba kunitia moyo. Msimamizi akapanda, akanitazama, akasema kwa upole kwamba ukumbi una tarehe ya kufunguliwa. Dari amepewa mwingine. Mimi ninapaka milango, sehemu ya chini.

Shingo imekaza kidogo, ndilo jibu la swali lako. Italegea.

Mdogo wako


5 Januari

Mdogo wangu,

Salamu kwa Mama, kwa wifi, kwa mtoto. Mwaka mpya nimeupokea kwenye benchi la hospitali.

Nilimwomba radhi Mzee Skrubu, na yeye, badala ya kuninunia, akanipeleka kwa daktari wake wa viungo. Nilimweleza yote yaliyo katika barua zako, nikamwonyesha picha. Alisikiliza vizuri mno, na daktari akikusikiliza hivyo hana habari njema. Akasema baridi yabisi ya uti wa mgongo ikiachwa inaweza kufikia mahali ambapo pingili zinashikana, mfupa unaota katikati na kuziba. Zikishashikana maumivu yanakwisha, na watu hufanya sherehe.

Nikamnyooshea Mzee Skrubu kidole, nikasema huyu hapa mifupa yake imeungana na anafanya kazi. Daktari akasema huyu aliunganishwa. Kabla ya kumkata alimuuliza kazi yake, akamuuliza kama hukaa au husimama, viatu gani anavaa, ndipo akachagua mguu ukae vipi, akautia skrubu. Ugonjwa hauulizi. Unaunganisha mifupa katika mkao ulioikuta nao.

Kisha akaanza kuniuliza mimi. Analala juu ya nini? Mto wake unene gani? Mchana anakaa wapi, na kwa muda gani? Nilijibu, na kila nilipojibu niliona anaandika na sikutaka kuona anachoandika.

Nenda hospitali, leo, barua hii ikiwa bado mkononi. Halafu unijibu jambo moja bila mzaha na bila habari za mapazia. Yule mama mwembamba, siku ya kwanza kabisa, alisema lolote kuhusu kiti?

Dada yako


20 Februari

Dada yangu,

Mama anakusalimu, na wengine. Macho yake yanazidi, miwani haifai tena.

Nimekwenda. Wamepiga picha ya eksrei na daktari ameitundika kwenye kioo chenye taa, akaweka pembeni ile ya mwaka jana. Ile ya zamani pingili zinaonekana kila moja peke yake, na kati yake mistari myeusi, ingawa kule chini kiunoni alisema hata wakati ule zilikuwa zimeanza kushikana. Ya sasa mistari haipo. Ni kitu kimoja kirefu, kama mwanzi, na juu kimepinda kwenda mbele.

Nilimwambia mbona siumwi, maana mpaka pale bado nilikuwa nabishana. Akasema, "Kiungo chenye baridi yabisi kinauma, lakini bado ni kiungo. Mifupa ni miwili na kati yake kuna nafasi, na penye nafasi dawa na mazoezi vina pa kuingilia. Chako hakiumi kwa sababu hakipo."

Nikamwomba vile vidonge. Amesema ataniandikia kwa ajili ya nyonga, ambako ugonjwa bado unatafuta, na mazoezi niyafanye ili zisifuate. Nikamwomba yale mazoezi ya ukuta kwa ajili ya shingo, nikamwambia safari hii sitalia. Akasema shingo haina tena kitu cha kunyoosha, na nikiilazimisha itavunjika. Nikauliza upasuaji. Akasema wapo wanaovunja mfupa na kuunyoosha upya, ni hospitali chache sana na watu wengine huamka mikono na miguu imepooza, yeye hawezi kumpeleka mtu anayetembea. Ngazi amenikataza kabisa. Mgongo wa namna hii ukianguka hauteguki, unakatika.

Basi ndivyo ilivyo. Nilikaa pale mbele ya picha na hakukuwa na cha kuomba. Nimezoea kwamba kitu kibovu kuna mahali unakishika ukaanza, hata dari lililooza. Hapa sikuona pa kushika.

Habari ya kiti usiniulize.

Mdogo wako


6 Machi

Mdogo wangu,

Umekataa kuniambia, Mama ameniambia. Alikuwa kwenye simu, ameiweka sauti kubwa kama kawaida yake, hakujua kwamba anasema kitu. Nilimuuliza tu kama daktari wa kwanza alikupa masharti. Akasema, "Alimkataza kukaa kwenye laini na kulalia mto, lakini kiti umekitengeneza wewe kwa mkono wako, angekiacha vipi?"

Ulijua siku ya kwanza. Uliniandikia barua ya jeneza na mlango huku unajua. Na mimi nikakutumia mto wa pili, wenye mkanda.

Nimekaa mbele ya picha yako na kipimo cha pembe, kile tunachotumia kulazia migongo ya viti. Sihitaji hata kukiweka. Pembe hiyo ninaijua, nimeikata mimi. Wageni ninaowafundisha nimewaambia waende nyumbani, mkasi siwezi kuushika.

Kwa nini hukusema? Ningelikuja mwenyewe kukitoa. Ningelikufunga kwenye ubao.

Nimeomba ruhusa, ninakuja mwisho wa mwezi. Mwambie wifi akitoe nje leo, kama mvua imeanza basi kinyeshewe. Akishindwa, kingoje. Ninakuja na nyundo na bisibisi, nitakipasua mpaka springi ya mwisho, na Mama anisikie.

Dada yako


25 Machi

Dada,

Leo sina salamu za mtu, hawajui kama naandika.

Ni kweli, aliniambia. Mama anaipenda hiyo hadithi kwamba nilikikalia kwa ajili yako, ameisimulia mtaa mzima, na ni hadithi nzuri. Usiibebe. Nilikaa kwa sababu sakafuni paliuma na kitini hapakuuma. Nilifikiri kisichouma ndicho kinachoponya. Hata wewe ulifikiri hivyo, na wewe una akili kuliko mimi. Nilimuuliza daktari, kama ningelala kwenye ubao, ingekuwaje? Akasema huenda pingili zingeungana vilevile, na huenda nisingepinda hivi, hajui. Nilitaka aseme ndiyo au hapana, nikuletee. Sikupata.

Ngoja nikueleze ninavyoona, ili usishtuke. Ile hila ya kiuno na magoti hainisaidii tena, nikisimama naona ardhi na viatu. Sokoni najua watu wote kwa viatu vyao, mwenye duka la rangi ana ndala za bluu na bado ananidai salamu. Mtoto namwona vizuri kwa sasa, kimo chake kiko sawasawa na pale macho yangu yanapotazama, lakini anarefuka. Wifi yako akinisemesha tumesimama naona mikono yake. Anajitahidi kuchuchumaa, nami namkataza, sitaki mke wangu achuchumae kila akitaka kuniambia chumvi imekwisha.

Kitini ndipo ninapoona. Mgongo wa kiti umelala nyuma, na shingo yangu imepinda mbele kwa kipimo kilekile ulichokikata, kwa hiyo nikikaa humo uso unanyooka. Ile picha haikukudanganya, ila siko hivyo mahali pengine popote. Jioni nakaa, wanapanga mstari mbele yangu, Mama, mke wangu, mtoto, na ninawatazama usoni kama mtu.

Kwa hiyo usije na nyundo. Najua umekwisha kuifunga kwenye mzigo, itoe. Ukifika utanikuta nimekaa. Usinikimbilie na usiniinamie, ukinikumbatia nitaona bega tu. Simama pale mlangoni, ulipo mwanga, usiseme kitu, niache nikutazame.

Mdogo wako